Kilomita Moja Bei Gani? Uliza Kwanza Unene

Mlango wa jikoni kwangu hupigwa sana na upepo, nami nimeuwekea kizuizi: kipande cha zege cha mviringo, kipenyo sentimita kumi, uzito kilo tatu na ushee. Wageni hudhani ni mchi uliovunjika. Ni kiini cha barabara. Tulikitoboa kwa mashine enzi nikiwa fundi sanifu wa maabara, kwenye barabara fupi ya zege katika wilaya ambayo sitaitaja, na siku ile ile nilikilaza mezani nikapima urefu wake, ambao ndio unene wa bamba la barabara, pande tatu kwa rula ya chuma. Upande wa kwanza milimita 177, wa pili 179, wa tatu 178. Mchoro ulidai 200.

Msimamizi wa mkandarasi alikuwa amesimama nyuma yangu, kofia mkononi. "Fundi," akaniambia kwa upole kabisa, "sentimita mbili nazo ni za kuandikiana barua?"

Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Nilijua tu kwamba mchoro ni mchoro. Jibu lenyewe nililipata baadaye, nilipokaa na vitabu vya usanifu, na tangu hapo kila nikisikia watu wanabishana lami au zege, nasubiri mmoja wao ataje unene. Mara nyingi hautajwi.

Ubishi wenyewe mnaujua. Masika ikipita na mashimo yakafumuka, mmoja atauliza kwa nini tusijenge kwa zege tukaachana na viraka. Mwingine atamjibu kwamba zege ni ghali, kwa kilomita moja ya zege unapata mbili za lami. Wa kwanza hakusema zege la unene gani. Wa pili hakusema lami ipi, nzito au nyepesi, wala juu ya tabaka zipi, wala kwa malori mangapi, wala kwa miaka mingapi. Wanabishania bei ya nguo bila kusema kama ni khanga au suti.

Ninachodai mimi ni kwamba swali la "kilomita moja bei gani" halijibiki mpaka unene utajwe, na unene hautajiki mpaka mzigo ujulikane. Ukivijua vyote viwili, ushindi hauendi upande mmoja siku zote. Kuna mahali lami inalishinda zege kwa mbali, na kuna mahali kuendelea kutandika lami ni kuzianika hela juani.

Anza na namna kila moja inavyobeba. Fundi mwashi akitaka kupitisha toroli kwenye tope hulaza ubao. Tope linabaki laini vile vile, ila ubao umeutawanya uzito mpaka tope halishtuki. Bamba la zege hufanya kazi hiyo hiyo. Ugumu wake dhidi ya kupinda ni kama mara kumi ya ule wa lami nzito kwenye nyuzi 20 za joto, na pengo linazidi kadiri jua linavyopanda, kwa sababu lami hulainika na zege halijali. Barabara nyeusi ya Dar es Salaam saa nane mchana wa kiangazi, uso wake hupita nyuzi 50. Hapo unaweza kuona alama ya stendi ya pikipiki imezama.

Lami hubeba kwa tabaka. Juu kuna zulia la lami, chini yake tabaka la msingi la kokoto, chini yake kifusi kilichochanganywa na saruji au chokaa, kisha kifusi teule, kisha udongo wa mahali penyewe. Kila tabaka hupokea uzito kutoka juu, likautanua kidogo, likalikabidhi la chini yake. Ndiyo sababu, ukihesabu kutoka uso hadi udongo, barabara ya lami ya malori huwa nene kuliko ya zege. Chukua mfano wa kawaida: lami nzito sentimita 10, kokoto 20, kifusi cha saruji 25. Jumla 55. Kwa mzigo unaokaribiana na huo, bamba la zege la sentimita 20 hadi 25 hulala juu ya tabaka moja la sentimita 15. Jumla 35 hadi 40. Wengi huwaza kinyume, kwamba zege ndilo nene, kwa sababu wanalinganisha kinachoonekana ukingoni: zulia la vidole vitatu na bamba la shubiri. Tabaka zilizolibeba lile zulia zimeshafukiwa, hakuna anayezihesabu.

Udongo ukiwa dhaifu tofauti inakua. Mwongozo wetu wa usanifu wa mwaka 1999, ule ambao mhandisi wa barabara asiyeukunja kurasa nchini hapa ni nadra, unaugawa udongo katika S15, S7 na S3 kwa kipimo cha CBR, yaani uwezo wa udongo kubeba mzigo, S3 ikiwa dhaifu zaidi. Barabara ya lami ikitua kwenye S3 inadai kifusi teule cha ziada, na kifusi hakiji chenyewe: kinachimbwa, kinapakiwa, kinasafirishwa, kinamwagiwa maji, kinashindiliwa. Bamba la zege kwenye udongo huo huo huongezeka sentimita chache tu. Isipokuwa udongo wa mbuga. Ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi hauna adabu kwa yeyote, na usipoondolewa au kutulizwa, zege nalo litanyanyuliwa likatike.

Sasa mzigo. Wahandisi huhesabu ekseli, na kila ekseli huibadili iwe ekseli sanifu ya tani 8.2 hivi. Msingi wa hesabu hiyo ni majaribio ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa Marekani, yaliyofanyika Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, ambako malori yaliendeshwa na wanajeshi yakizunguka juu ya vipande vya lami na vya zege vya unene mbalimbali mpaka vingi vikafa. Walichokiona ni kwamba madhara hayapandi sambamba na uzito. Yanapanda kwa kipeo cha nne hivi, na miongozo ya kwetu Afrika Mashariki hutumia 4.5.

Ekseli moja yenye matairi manne, chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2013, kikomo chake ni tani 10. Hiyo huumiza barabara kama ekseli sanifu 2.4. Ipandishe hadi tani 12, huumiza kama 5.5. Tani mbili za ujanja, madhara zaidi ya maradufu. Na gari dogo lenye ekseli ya kilo 700? Zinahitajika ekseli kama hizo zaidi ya 60,000 kufikia madhara ya ekseli sanifu moja. Kwa hiyo IST yako, ndugu msomaji, haijaharibu barabara yoyote. Lalamika kwa amani. Na anayedhani zege ni dawa ya kuzidisha mizigo afikirie tena, maana bamba huvunjwa na zile ekseli chache nzito kupita kiasi, si na umati wa zile halali.

Hapa ndipo mambo yanapopendeza. Madhara yanapanda kwa kasi, lakini unene unaohitajika kuyakabili unapanda polepole mno. Kwa fomula za AASHTO, jina la baadaye la chama kile kile, zilizozaliwa na majaribio yale, mzigo ukiongezeka maradufu, bamba la zege linahitaji nyongeza ya kama asilimia 10 tu ya unene, na nguvu ya jumla ya tabaka za barabara ya lami kama asilimia 8. Bamba la sentimita 20 linafanywa 22, na ekseli zinaruhusiwa maradufu. Hata aliyekosea kukisia ukuaji wa magari hapati hasara kubwa. Ukikisia asilimia 5 kwa mwaka kumbe ni 8, kwa miaka 20 mzigo unazidi makisio kwa karibu asilimia 38, na dawa yake ilikuwa sentimita moja tu ya zege.

Igeuze hesabu hiyo. Anayepunguza sentimita mbili kwenye bamba la 20 ameondoa karibu nusu ya umri wake. Mkataba unasema miaka 20, wananchi wamejengewa ya kumi au kumi na moja, na kwa macho hakuna anayeona, maana bamba la milimita 178 na la 200 kwa juu yana sura moja. Siri iko kwenye kupinda. Mkazo ndani ya bamba hutegemea mraba wa unene wake, na zege la barabarani hufa kwa uchovu wa kupindwa mara nyingi, halifi kwa kukandamizwa. Unaweza kupeleka michemraba ya sampuli ya zege maabara ikavunjika kwa nguvu nzuri tu, megapaskali 40 na zaidi, kila fomu ikagongwa muhuri, na bamba bado likafa kijana kwa sababu ya wembamba. Michemraba ya zege la kiini changu hiki ilifaulu yote.

Lami nayo huibiwa, tena kwa urahisi zaidi. Zulia la sentimita tano likawekwa nne, ni lori moja kati ya matano limebaki na shehena yake. Tofauti ni kwamba lami nyembamba husema mapema: mvua mbili na vishimo vinaanza. Zege jembamba hunyamaza miaka kadhaa, mpaka muda wa uangalizi wa mkandarasi umeisha na ofisi yake imehamia mkoa mwingine.

Tuje kwenye hela, kwa kalamu na karatasi. Kilomita moja, upana mita 7, mabega tuyaache. Lami nzito ya sentimita 10 ni mita za ujazo 700, kama tani 1,680. Ndani yake bitumini, ule uji mweusi unaoshika kokoto, ikiwa asilimia 5 ya uzito, ni tani 84. Bamba la zege la sentimita 20 ni mita za ujazo 1,400. Kwa kilo 350 za saruji kila mita ya ujazo, ni tani 490, yaani mifuko 9,800. Tuseme mfuko ni shilingi 15,000, na tani ya bitumini imekufikia kwa milioni 2. Weka bei zako za leo, mimi naonyesha njia tu. Saruji inakuja milioni 147. Bitumini inakuja milioni 168.

Ile hadithi ya "zege mara mbili" inaanza kulegea. Endelea kuandika. Lami inadai mita za ujazo 1,400 nyingine za kokoto kwa tabaka la msingi, na 1,750 za kifusi cha saruji chini yake. Zege linadai 1,050 za tabaka lake moja, kokoto na mchanga wa bamba lenyewe, nondo za kwenye viungio vya bamba na bamba, mashine ya kuvikatia, mtambo wa kumwagia, na vibarua wa kumwagilia maji wiki nzima. Kwa barabara ya malori mazito, juu ya udongo dhaifu, karibu na kiwanda cha saruji, bei hizo mbili zinaweza kukaribiana siku ile ile ya kusaini mkataba. Nenda mbali na kiwanda, upate udongo mzuri na kokoto za jirani, lami inatangulia tena.

Halafu chukua barabara ya kata: bodaboda, Noah za abiria, na Fuso mbili za mahindi kwa siku. Hiyo haina haja ya lami nzito hata kidogo. Lami nyepesi ya tabaka mbili, yaani bitumini ya kunyunyizia na kumwagia kokoto juu, kilo 2.5 za bitumini kwa kila mita ya mraba, ni tani 17.5 kwa kilomita, shilingi milioni 35 kwa bei zetu zile zile. Zege haliwezi kushuka hivyo. Hakuna bamba la kawaida la sentimita tano. Chini ya 15 hivi, Fuso moja iliyozidisha gunia italikata kona. Lami inaanzia chini na kupanda pamoja na mzigo. Zege linaanzia juu, kisha linapanda kwa uvivu. Mistari miwili ya namna hiyo lazima ikutane mahali fulani, na kazi ya mhandisi ni kutafuta inakutana wapi kwenye barabara hii, na udongo huu, na bei hizi. Sisi tumeugeuza kuwa Simba na Yanga.

Kuna na suala la dola. Bitumini tunaagiza nje, bei yake inafuata mafuta ghafi na thamani ya shilingi. Saruji inatoka Wazo, Tanga, Mbeya, Mtwara. Ni hoja nzito, ila usisahau kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwenye kiwanda cha saruji akikuletea jedwali la kulinganisha, tazama kwanza lami aliyoiweka upande wa pili ni nene kiasi gani. Muuza bitumini akikuletea lake, tazama kama tabaka za chini amezihesabu.

Kisha kuna miaka inayofuata. Barabara ya lami ya malori hudai zulia jipya kila baada ya miaka kumi hivi, pengine chini ya hapo. Zege lililojengwa vizuri huweza kukaa 30 na zaidi, likidai zaidi kuzibwa viungio na bamba moja moja kubadilishwa. Huko Bellefontaine, Ohio, kuna mtaa uliomwagwa zege mwanzoni mwa miaka ya 1890 na sehemu yake bado ipo. Basi ukijumlisha gharama za maisha yote zege linashinda? Inategemea kiwango cha riba unachotumia kuzipunguza thamani hela za kesho. Milioni 100 za zulia jipya mwaka wa kumi, ukizikata kwa asilimia 12 kwa mwaka, kama ilivyozoeleka kwa miongo mingi kwenye miradi ya wafadhili, leo zinaonekana milioni 32. Za mwaka wa ishirini, milioni 10. Zikate kwa asilimia 6 badala yake, zinakuwa milioni 56 na 31. Kwa 12 matengenezo ya baadaye karibu yanayeyuka na lami inapendeza. Kwa 6 yanaonekana, na zege linapanda. Mshindi amebadilishwa na namba moja iliyoko ukurasa wa katikati wa ripoti, ambao wabunge hawafiki.

Shaka yangu mimi ni kubwa kuliko ya riba. Jedwali lolote la gharama za maisha hudhani kwamba zulia la mwaka wa kumi litawekwa mwaka wa kumi. Nani amewahi kuona? Mfuko wa Barabara upo, tozo ya mafuta tunalipa, na bado mahitaji ya matengenezo yanaipita hela iliyopo. Zulia la mwaka wa kumi linakuwa la kumi na nne. Katika miaka minne hiyo maji yameshashuka kwenye nyufa, tabaka la msingi limelainika, na kazi iliyokuwa ya kutandika imekuwa ya kufumua na kujenga upya. Zege basi ni aina ya bima: unalipa mwanzoni kwa sababu hujiamini kwamba utalipa baadaye. Wachumi hawaipendi hoja hii kwa kuwa inakiri udhaifu. Mimi naiona ya kweli kuliko nyingi, na ningependa iandikwe waziwazi kwenye ripoti, badala ya kuvalishwa nguo za hesabu.

Dar es Salaam tuna maabara ya wazi. Kwenye Barabara ya Morogoro, tangu mwendokasi waanze safari mwaka 2016, zege la njia za mabasi limelala ubavu kwa ubavu na lami ya magari mengine, mvua moja, jua moja. Ulinganisho si wa haki kabisa, kwa kuwa magari si yale yale, ila simama kituoni dakika kumi utazame magurudumu badala ya simu. Basi la mita 18 linaingia. Linafunga breki pale pale lilipofungia lililotangulia. Linashusha, linapakia, linajikaza kuondoka. Gurudumu linalosimama linaiumiza lami kuliko linalokimbia, kwa sababu lami, ukiipa muda na joto, hutiririka. Isukume ghafla inakataa, ikandamize taratibu inakubali. Nenda kituo chochote cha daladala chenye lami uone: mifereji miwili ya matairi, kingo zimeumuka kama maandazi, na pale magari yanapovujisha dizeli kokoto zimebaki uchi, maana dizeli huiyeyusha bitumini. Zege kwenye vituo, mizani na maegesho ya malori si anasa.

Milimani ni vivyo hivyo. Sehemu ya Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50 za njia ya Itoni–Ludewa–Manda mkoani Njombe, imejengwa kwa zege, na aliyepita huko haulizi kwa nini. Kona juu ya kona, mvua, ukungu, na huko huko ndiko kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Lori lililoshiba linapanda kwa gia ya kwanza, matairi yanakwangua kurudi nyuma, na lami kwenye mteremko kama huo hujikunja mithili ya mkeka uliosukumwa kwa mguu. Nairobi nao walimwaga zege Mbagathi Way katikati ya miaka ya 2000, kwenye mji ambao udongo mweusi umezitesa lami nyingi. Lakini kwenye nyanda tambarare zenye changarawe nzuri, ambako malori yanakimbia bila kusimama, sioni sababu ya kuiacha lami, isipokuwa tumekata tamaa kabisa na matengenezo.

Zege lina kero zake ambazo mashabiki wake huzimeza. Halijengwi kwa awamu. Lami unaweza kuanza nyembamba ukaongeza baadaye mzigo ukikua. Bamba jembamba halina subira hiyo. Halimsamehe mzembe wa siku moja. Nimeona vibarua wanafunika bamba kwa magunia mabichi asubuhi, na saa saba mchana magunia yamekuwa makavu yanasugua mkono, bowza la maji halionekani, dereva anasema pancha. Viungio visipokatwa ndani ya saa chache, bamba hujikatia lenyewe, linapotaka lenyewe. Na kiungio kisipozibwa, maji yanapenya chini, kila ekseli ikipita bamba linacheza kidogo na kurusha tope nje. Ukiona michirizi ya matope myekundu pembeni mwa kiungio baada ya mvua, ujue chini pameanza kuwa patupu. Kona itakatika, hata kama zege lenyewe ni zuri.

Tena kuna mabomba. Mtaa niliowahi kukaa, lami ilikatwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja: bomba la maji, nyaya, kisha bomba lile lile. Mama mmoja mwenye genge pembeni alikuwa ameshazoea, akiona mafundi wanashusha sururu anahamisha nyanya bila kuuliza. Kiraka cha lami huwekwa asubuhi, jioni magari yanapita. Bamba la zege ukilikata kihalali unaondoa kipande kizima kutoka kiungio hadi kiungio, mita nne au tano, unapachika nondo upya, unamwaga, unafunga njia siku kadhaa likikomaa. Watu huishia kuziba kwa lami, na hapo una ubaya wa barabara zote mbili. Mji usiojua mabomba yake yamepita wapi ungoje kwanza kabla ya kumwaga zege mitaani.

Ningekuwa na sauti kwenye zabuni za barabara nzito, ningetaka michoro ya lami na ya zege isanifiwe kwa idadi moja ya ekseli na miaka ile ile, yote miwili ipigiwe bei, na kiwango cha riba kiandikwe ukurasa wa kwanza. Na ningetaka malipo ya unene yafuate umri, yasifuate ujazo. Hili la mwisho nina kisa nalo.

Barua iliandikwa, kwa taarifa ya wanaotaka kujua. Ilichukua wiki mbili kupita kwenye meza zote. Hapakuwa na mtu aliyetaka kubomoa bamba, gari za shule zilikuwa zimeshaanza kupita, na mkataba ulikuwa na kifungu cha kukata malipo kulingana na upungufu. Milimita 22 kati ya 200 ni asilimia 11, basi mkandarasi akakatwa asilimia 11 ya bei ya zege la sehemu ile. Watumiaji wa barabara walikatwa karibu nusu ya miaka yao. Msimamizi alisoma barua ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akaniomba kalamu, akasaini bila kubisha, kisha akauliza kama kiini tunakihitaji tena au akitupe. Nikamwambia nitakibeba.